Kitambaa Moja, Kable Mbili

Tarehe ine ya mwezi wa kumi. Mvua ilianza saa tisa, ya upepo, ikipiga mabati kutoka upande wa Mudzipela, na sasa imebaki manyunyu tu. Wiki mbili zimepita tangu nirudishe funguo za chumba cha mashine. Ninyi vijana wa kazi muliniomba niandike mambo ya miaka yangu. Nilikataa mara mbili, kwa sababu nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, na vitu vingi nilivyofanya sikujua majina yake mpaka wageni walipokuja kuniambia. Mukiona nimekosea, musahihishe pembeni, lakini kwa maandishi ya kufutika, maana inawezekana ni ninyi mumekosea.

Nilianza na foni. Ninyi hamukuiona. Ilikuwa radio ya sauti, batri ya gari, na waya murefu wa antena, mu kibanda cha mbao kule kartye ya Lumumba, mutaa wa hapa Bunia. Simu za mukononi zilikuwa hazijafika kwa watu wa kawaida. Mutu akitaka kusema na ndugu yake wa Mahagi, anakuja, anakaa ku benchi, mimi naita, kule wanaenda kumutafuta, na anasema mbele ya wote walio ku benchi. Kwa hiyo benchi yangu ilijua ndoa za watu, na vifo vya watu, na ng'ombe za watu.

Siku yangu ya kwanza, mama moja alikuja kusema na bwana yake. Nikamupa kipaza sauti. Akasema, «Nakusamehe,» akanyamaza. Kule nako kimya. Tukangoja. Nikamueleza kwamba ku foni, ukimaliza, lazima useme «à vous», ni kusema zamu ni yako, kama hapana mwenzako anafikiri ungali unasema. Mama akashika tena kipaza sauti: «Nakusamehe, à vous.» Benchi nzima ikacheka. Bwana naye akajibu kutoka kule, «Asante, à vous.»

Nimeweka jambo hili hapa si kwa kuchekesha tu. Kila kitu nilichokuja kuelewa juu ya rezo, ni kusema mutandao, nilikielewa kupitia foni. Mu njia moja, watu wawili hawasemi pamoja. Ukisahau hilo, hata mashine za bei kali zitakuwa benchi ya watu wanaopiga kelele.

Baadaye kampuni moja dogo la kuuza internet lilinichukua. Jina lake naacha, na sikuchukuliwa kwa akili: walitaka mutu asiyeogopa kupanda juu ya nyumba. Pale nilimukuta Papa Ukumu, mutu wa Mahagi, aliyejifunza umeme kwa mapadri. Yeye ndiye alinifundisha kazi. Alikuwa na maneno machache na burashi moja ya rangi ambayo haikugusa rangi hata siku moja, ni ya kufuta vumbi. Kila asubui alifuta mashine kwanza, ndipo anasalimia watu.

Kesi yetu ya kwanza ngumu ilikuwa ya paraboli, dishi la satelaiti. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, kwa hiyo paraboli haisimami sawa sikio kama ile ya Ulaya. Inalala, inaangalia mbingu, sawa sahani mezani. Kwa muteja moja, rezo ilikuwa inakufa kila siku saa tatu ya asubui na kufufuka saa kumi. Tulibadilisha waya. Tulibadilisha kasanduku ka kupokea rezo. Mimi nilianza kusema ni satelaiti. Papa Ukumu akaniambia, «Weye unajua satelaiti iko wapi? Panda kwanza juu ya nyumba.» Nikapanda saa ine. Paraboli ilikuwa imejaa mihogo. Mama jirani alikuwa anaianika pale kila asubui, kwa ngazi yake mwenyewe, na alinikasirikia sana. «Kitu iko wazi, iko safi, kuku haifike,» akasema. «Munaiweka ya nini kama haina kazi?» Kwa haki lazima niseme, kwa mihogo ilikuwa mahali pazuri kabisa.

Sasa nifike ku vitambaa, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilizaliwa.

Kable zikiwa tano, unazijua kwa sura. Zikiwa mia moja mu kabati ya chuma, huzijui tena. Kutoka nje walituletea vikaratasi vya kubandika, vyenye namba. Joto na vumbi ya Bunia viliviangusha ndani ya mwezi moja, tukawa tunafagia namba chini. Bibi ya Papa Ukumu, muke wake, alikuwa anauza samaki ya Tchomia. Kule ziwani, kila mama anafunga ku kitunga chake kipande cha kikwembe chake, kitenge anachovaa, na lori likifika huku Bunia, hakuna ugomvi: unaona kitambaa chako, unabeba kitunga chako. Papa Ukumu akaleta desturi hiyo mu chumba cha mashine. Kable moja, kitambaa moja, ncha zote mbili. Ukishika kitambaa cha maua mekundu huku, unatafuta maua mekundu kule, umepata ncha ingine. Na mu kaye kubwa, daftari letu, tulibandika kipande cha kila kitambaa kwa gundi, na pembeni tuliandika inatoka wapi na inaenda wapi. Wageni kutoka Kinshasa walicheka, kisha wakapiga kaye ile picha, kurasa zote.

Papa Ukumu aliporudi kwao kupumzika, kaye ikawa yangu.

Miaka ile kazi ilibadilika. Zamani muteja alikuwa na mashine yake chini ya meza, na sisi tulimupa barua-pepe tu. Sasa watu walianza kuweka vitu vyao vyote mu mashine kubwa za mbali, ile munaita wingu. Mimi nilikuwa sipendi jina hilo, kwa sababu wateja waliniuliza kila masika kama faili zao zitalowa. Lakini jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Hospitali moja ya muji iliweka kule faili za wagonjwa wake. Tangu siku ile, kable moja ikilala mu chumba chetu, daktari anashindwa kusoma ugonjwa wa mutu aliye mbele yake ku kitanda. Tulikuwa na njia mbili za kutoka Bunia: kable ya fibre iliyofuata nguzo, na paraboli ya akiba. Na katikati kulikuwa swichi mbili, vile visanduku vya matundu mengi, moja juu, moja chini, na kable moja ya kuziunganisha. Kila kitu cha muji kilipita mu kable ile moja. Niliifunga kitambaa cha buluu chenye ndege ya manjano, kipande cha kikwembe kipya cha bibi yangu, Mama Furaha.

Lobho alikuja wakati huo. Alikuwa mutu muzima, mwenye watoto, mwenye shule kunipita mbali, na mudomo wake haukupumzika. Alisema na mashine. «Papa Furaha,» aliniambia, «hii swichi ya chini iko na kiburi sawa shemeji yangu. Unaisalimia, inakuangalia tu.» Nilimupenda haraka, na nikaogopa kidogo kumupenda. Ilikuwa amani baada ya vita, lakini ile amani ya kuuliza kwanza barabara iko namna gani kabla ya kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa wa upande moja, Lobho wa upande mwingine. Majina ya pande hizo sitaandika, ninyi munayajua. Mu chumba cha mashine hatukuyasema. Nje, tulitoka mulango moja na kila mutu alifuata barabara yake.

Lobho aliona hatari ambayo mimi sikuiona: ile kable moja kati ya swichi mbili. Akavuta ya pili, ya akiba. Ncha ya juu aliichomeka, ncha ya chini aliiacha inaning'inia, ya kuchomeka siku ile ya kwanza itakufa. Wazo lilikuwa zuri. Aliifunga kitambaa ncha zote mbili, kama tulivyozoea. Kitu alichosahau ni kubandika kipande mu kaye. Naandika hiyo kwa haki tu, kwa sababu kosa langu linafuata, na ni kubwa kuliko lake.

Siku ya posho moja, ni kusema jumamosi, umeme ulikuwa hakuna, na grupe, mashine yetu ya kutoa umeme, ilikuwa imezimwa kwa kubadilisha mafuta. Mashine zikilala ndipo nafanya usafi. Nikiwa na burashi nyuma ya kabati, nikaona ncha ya kable inaning'inia, na kitambaa cha buluu, ndege ya manjano. Nilifikiri, nimeichomoa kwa burashi! Nikafungua kaye: buluu na ndege, kutoka swichi ya juu mpaka swichi ya chini. Nikaichomeka ku tundu la wazi ku swichi ya chini. Ile kable ya kwanza ilikuwa pale pale, mahali pake, nyuma, kitambaa chake kimejaa vumbi. Sikuitafuta. Kwa nini nitafute kitu ambacho nimekishika mukononi?

Saa sita Lobho akaja kuchukua zamu. «Umeniachia nini?»

«Usafi.»

«Usafi haulipiwe,» akasema, na tukacheka. Nikapanda pikipiki kwenda kwenye matanga ya shangazi yangu, kijijini, mahali simu haishike. Lobho akawasha grupe. Mashine zikaamka, lakini rezo yote ya muji ikabaki imekufa.

Niwaeleze kilichotokea, maana ninyi mutakisoma mu vitabu kwa majina magumu. Fikirini foni mbili zinazotazamana, na kila moja inarudia kila neno inalosikia kwa mwenzake. Mutu anasema «habari» mara moja tu. Hii inarudia, ile inarudia, «habari» inazunguka bila kuisha, na hakuna anayesema «à vous». Ndivyo zilivyofanya swichi mbili zenye kable mbili kati yao. Siku hizi swichi zenu zina akili ya kujizuia. Zetu zilikuwa za bei ndogo.

Lobho alijaribu vyote, lakini kable yake ya akiba hakuiangalia, kwa sababu alijua ncha ya chini inaning'inia. Kisha akafikiri fibre imekatwa mahali, na siku ya yenga, kesho yake, akatoka kwa miguu kufuata nguzo, koleo mukononi, mpaka mu mitaa ambayo mutu wa upande wake alikuwa haingie wakati ule. Hakuna aliyemutuma. Alienda kwa sababu hospitali ilipiga simu mara sita. Watu walimuona. Mutu wa upande ule, na koleo, chini ya nguzo za kable, siku ambayo rezo imekufa. Kufika jioni, muji ulikuwa na maelezo yake: amekata ili watu wasipashane habari, kuna kitu kinakuja.

Nilirudi siku ya kwanza ya juma, jumatatu asubui. Ku mulango wa kazi kulikuwa na watu. Lobho alikuwa ameketi mu biro ya shefu, mbele yake karatasi tupu ya kujieleza. Mara ya kwanza nilimuona bila neno. Shefu wetu, mutu wa Kisangani, hakuwa mubaya. Aliniambia, «Papa Furaha, saa nane shefu wa kartye anakuja, na mutu wa hospitali. Kama sina sababu ya kuwaonyesha, huyu anatoka na barua yangu mukononi.» Sote watatu tulijua: kutoka na barua ile, siku zile, ilikuwa kutoka mu muji na watoto, kama wangefika hai kule waendako.

Nikaingia mu chumba. Taa zote za swichi zilikuwa zinapepesa pamoja, haraka, sawa watu ya harusi. Nilisimama nikaziangalia, na ikawa sawa nasikia foni ya zamani, watu wote wanasema pamoja. Nikaanza kuchomoa kable, moja moja. Nilipochomoa ile ya buluu, taa zikatulia. Mu korido mutu akapiga kelele, «Imerudi!» Na mimi nilikuwa na buluu na ndege mukononi, na nyuma ya kabati, chini ya vumbi, buluu na ndege ingine, imechomekwa vizuri.

Nikajua ni mimi.

Shefu akauliza kutoka mulangoni, «Ilikuwa nini?»

«Ningali natafuta,» nikasema.

Uongo huo ulidumu saa moja na nusu. Nauandika kwa sababu munanisifu sana, na sitaki sifa za kukopa. Nilichowaza ni hiki: nikisema ni kitambaa, wataniuliza, Lobho alitoa wapi kitambaa sawa na cha bibi yako? Watasema alikiiba makusudi, aige alama yangu, anitege. Na kweli, hata mimi nilijiuliza. Kwa dakika chache nilitamani iwe hivyo. Ingekuwa rahisi kwangu.

Nikakimbia nyumbani. Mama Furaha alikuwa anapepeta mchele.

«Kile kikwembe cha buluu,» nikasema. «Ulinunua wapi?»

«Mudzipela. Kwa nini?»

«Kuna mutu mwingine iko nacho?»

Akaweka ungo chini. «Nani amekuambia?»

«Hakuna aliyeniambia. Bibi ya Lobho iko nacho?»

Akanieleza, na hapo ndipo nilijua. Yule wa duka alikuwa hakatie mutu: piesi nzima, ao uende. Mama Furaha na Mama Neema, bibi ya Lobho, walikutana pale mbele ya meza, kila moja na pesa ya nusu. Wakanunua pamoja, wakakata katikati, na kitambaa cha Lobho kilitoka ku nusu ya bibi yake. Zaidi ya mwaka moja walikuwa wanafanya hivyo: kikwembe, sabuni, gunia la mkaa. Walikuwa wanakutana ku soko na kuachana kabla ya kona. Hakunieleza mbele ya siku ile kwa sababu ya kaka yangu mukubwa, Yosefu, aliyejenga nyuma yetu. Vita ilimumalizia ng'ombe na nyumba, na alisema mutu wa upande ule hatakanyaga lupango yetu, kiwanja chetu, yeye akiwa hai. Simuhukumu Yosefu. Alizika watoto wawili.

«Mumeshinda mu chumba kimoja miaka,» Mama Furaha akasema, «mukiunganisha dunia nzima, na hamujue bibi zenu banajuana?»

Nikamueleza yote, na mukutano wa saa nane. Aliangalia upande wa nyumba ya Yosefu. Kisha akasema, «Tangulia. Ngoja nivae.»

Saa nane walikuwepo shefu, shefu wa kartye, na mutu wa hospitali, mama mupole aliyeshika daftari. Lobho ku kiti chake. Niliweka kable mbili juu ya meza, nikafungua kaye, nikasema ni mimi nilichomeka, siku ya posho, bila kuuliza. Shefu wa kartye akashika kitambaa. «Na huyu alipata wapi kitambaa chako?» Swali lile lile.

Mulango ukafunguliwa. Mama Furaha aliingia na buluu na ndege ya manjano, kiunoni na kichwani. Nyuma yake Mama Neema, amebeba mutoto mugongoni kwa buluu na ndege ya manjano. Walipita muji muzima hivyo, saa saba ya mchana, bega kwa bega. Mama Furaha hata hakusalimia.

«Piesi ni moja,» akasema. «Weka ncha ya chake ku ncha ya changu, utaona mahali mukasi ulipita.»

Mama Neema akaongeza polepole, «Na mukasi ulikuwa mubaya, mama, umeenda kombo.» Wakatandika vikwembe juu ya kable zetu. Kombo kwa kombo, vikaingiana.

Hapo Lobho alipata sauti yake. «Shefu,» akasema, «tuwape kazi hawa. Rezo yao imetembea mwaka muzima bila kukatika, na hakuna aliyeiona.»

Mama wa hospitali ndiye alicheka wa kwanza. Shefu wa kartye alichelewa, lakini alicheka, kisha akatoka ku mulango mwenyewe kuambia watu kwamba rezo iliuawa na muzee mwenye burashi. Alilisema kwa sauti kuu. Nilistahili. Lobho alibaki kazini. Mimi nilipewa barua ya lawama, iko mu faili yangu mpaka leo, na Lobho aliandikiwa mustari moja juu ya kaye. Mustari moja kwake, ukurasa kwangu: ninaona ni haki. Tangu siku ile kable ya akiba hatuifunge kitambaa. Tunaifunga kamba nyeupe, na kabla ya kuchomeka kitu kinachoning'inia, tunaita jina la mwenzetu na kungoja ajibu. Muendelee hivyo, hata kama swichi zenu zina akili.

Lobho alibaki kumaliza karatasi zake, na barabara ya kwao ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo Mama Neema alirudi na sisi. Hakuna aliyejadili hilo. Aliingia mu jiko, akakunja mikono ya nguo, akaanza kazi. Giza halijaingia bado, Yosefu akaja kula, kama alivyozoea. Tulikula bugali ya mihogo, maharagi, na mboga ya lengalenga kwa mafuta ya mawese. Yosefu alikula, akamaliza, akaangalia sahani.

«Leo bugali imesongwa vizuri,» akasema. «Nani amesonga?»

«Mugeni,» bibi yangu akajibu.

Mu jiko mutoto wa Mama Neema alilia kidogo, akanyamazishwa mu luga ya kwao. Yosefu aliisikia, iliwezekanaje asiisikie? Nami nikaacha kutafuna. Kisha akanyosha sahani aongezewe.